Kadi Aliyoisubiri Mtani

Lugembe alikuwa na kauli yake: Mzaramo akikuambia anakufa, ficha sahani yako ya wali. Aliisema kwenye karakana yake ya simu na kompyuta pale Ng'ambo, aliisema sokoni, na hata misibani aliisema. Watu walicheka, maana Tabora hakuna asiyejua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Na utani wenyewe haukuanza jana. Mababu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani wakarudi, wakala na kulala kwa watu wa njiani, wakagombana nao, wakauguzana na kuzikana nao, na mwishowe wakaona ugomvi wote huo heri waumalize kwa kutukanana. Tangu hapo Mzaramo akimwita Mnyamwezi mpagazi wake hajatukana, amesalimia. Akimvua kofia akaondoka nayo hajaiba. Mwenye kununa ndiye mkosaji.

Mtani wa Lugembe, yule wa kufa na kuzikana, alikuwa Fikiri.

Fikiri alikuwa dereva wa malori, mzaliwa wa Kisarawe. Alileta saruji na kurudi na mahindi mpaka gari lilipomfia hapa Tabora, akakaa kungoja spea. Katika kungoja akamwona Kuluthumu, binti wa mtaa wa Kanyenye. Spea ilifika, gari likapona likaondoka na dereva mwingine, mwenyewe akabaki anaitwa mkwe. Waliishi vizuri, akaendelea kupata magari ya hapa na pale, hadi moyo wake ulipoanza kumsaliti. Daktari alimwambia umetanuka, hausukumi damu inavyopaswa. Akamkataza usukani, akamkataza na safari ndefu. Kisarawe, alikozaliwa na alikozikwa mama yake, ikawa mbali kuliko Maka.

Siku moja akaingia karakanani anahema, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Mtani, nataka unitengenezee gari."

"Gari? Mimi Mjapani?"

"Kompyuta, we mpagazi. Ile ya kuchezea magemu. Nataka niende kwetu."

Akatoa simu, akamwonyesha video. Lilikuwa gemu la malori, na vijana fulani waliojaliwa muda walikuwa wamechora humo barabara za kwetu. Nzega ilikuwepo na makutano yake, Igunga ilikuwepo, mteremko wa Sekenke ulikuwepo na kona zake zinazofanya dereva amkumbuke Mungu, kisha Singida, Dodoma, Morogoro, na mwisho Chalinze.

"Kisarawe haimo," Lugembe akasema.

"Nifikishe Chalinze tu. Kuanzia hapo nafika kwa harufu."

Lugembe alicheka sana, lakini alikubali siku ile ile. Ukweli ni kwamba alikuwa akimpenda mtu yule kuliko ndugu zake wa tumbo moja, ila kwa mtani hata kusema hivyo hakuna mlango wa kupitia. Badala yake alimwambia Wazaramo wameharibu magari ya kweli, sasa wanataka kuharibu na ya umeme.

Kompyuta ya magemu iliyo mpya, yenye mataa ya rangi kama harusi, ilikuwa ndoto ya wenye nazo. Kwa kile Fikiri alichokipata alipouza matairi yake ya akiba na redio ya gari, njia ilikuwa moja, nayo mafundi wa mikoani wote wanaijua. Unanunua kompyuta ya mtumba iliyotolewa ofisini, kasha jeusi lisilo na sura, kisha unaibadilisha matumbo. Walikwenda dukani kwa Bhavik. Marehemu baba yake Bhavik aliuza baiskeli pale, yeye aliondoa baiskeli akaweka kompyuta, lakini desturi ya kumpa mteja chai kabla ya bei aliibakiza. Lugembe alifungua makasha kadhaa, akapuliza vumbi, akachungulia, akanusa kama mtu anayechagua tikiti. Alichagua lililokuwa na prosesa nzuri. Akaongeza ram iwe jozi, akaondoa diski ya zamani inayokoroma akaweka ile mpya isiyo na sauti.

Fikiri yeye hakutazama hata kimoja. Macho yake yalikuwa juu kabatini, kwenye usukani wa gemu uliochanika ngozi, na pedali zake chini.

"Naanza na ule."

"Usukani kabla ya injini?" Lugembe alimshangaa. "Kwanza tumalize vya ndani, tukibakiwa na kitu ndiyo tuchukue mapambo."

"Mie dereva, si fundi. Vya ndani shauri yako."

Akaununua, akaukumbatia mpaka nyumbani. Kuluthumu alikuja kumsimulia Lugembe baadaye kwamba mumewe, ambaye sasa alilala kwa kukaa kwa sababu akilala chali maji yanampanda kifuani, alikuwa anauweka usukani ule juu ya mapaja na kuukata taratibu, kulia, kushoto, waya wake unaning'inia haujachomekwa popote. Akiulizwa yuko wapi, anajibu yuko Igunga, asisumbuliwe. Kuluthumu alisimulia huku anacheka. Lugembe naye alicheka. Wote wawili walikuwa na macho, ila hawakuyatumia.

Kilichobaki kilikuwa kadi ya picha, ile inayochora barabara kwenye kioo. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kasha la ofisi lina umeme mdogo, halina nyaya za ziada za kulisha kadi kubwa, kwa hiyo ilitakiwa kadi ndogo inayoshiba kwa kuchomekwa tu. Za namna hiyo zilikuwa mbili. Moja ilikuwepo, imelala kwenye kabati la Bhavik, yenye kumbukumbu finyu. Ya pili, yenye nguvu mara mbili na bei inayokaribiana, Bhavik alisema iko kwenye mzigo unaotoka Dar.

Lugembe aliijaribu ile ndogo pale pale dukani. Gemu liliwaka, lori likaondoka, lakini barabara ilikuja kwa vipande. Gari lilirukaruka kama chura, miti ikachelewa kutokea, na mara moja mlima mzima ulijitokeza baada ya gari kuupita.

"Inatembea," Fikiri akasema, na uso wake ulikuwa umewaka kama wa mtoto siku ya Idi.

"Hii si kutembea, hii ni kuchechemea. Tungoje mzigo."

"Chukua hiyo hiyo, mtani."

"Jina langu haliwezi kukaa kwenye mkweche. Watu watasema Lugembe kamtengenezea mtani wake gari la kurukaruka kama chura. Wiki moja tu, mbili zikizidi."

Nani asiyemjua fundi anayejipenda? Kazi ya mtu mwingine anaikubali ikiwa na kilema, yake mwenyewe lazima iwe nzima. Na fundi wa vitu vya bei ya chini ana ugonjwa wake wa pili, nao ni kungoja. Daima kuna kitu bora kidogo kinachokuja, kwa bei ile ile, mwezi ujao. Bhavik aliuliza kama aifunge ile kadi ndogo. Lugembe akatikisa kichwa. Fikiri akaitazama ikirudishwa kabatini.

Mzigo ulichelewa. Mara ulikuwa bandarini, mara ulikuwa njiani, mara gari limeharibika Manyoni. Fikiri alipita karakanani karibu kila siku, kila siku kwa mwendo mdogo zaidi, na miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikamshinda, akawa anakuja na kandambili za mkewe.

"Leo una viatu vya kike," Lugembe alimwambia. "Pwani mmekwisha."

"Nakuja kuolewa kwenu, si mnakosa wanawake wazuri."

Siku ya mwisho alikuja asubuhi kwa bodaboda, akakalishwa kwenye kiti, akabebwa nacho mpaka kivulini. Alikaa muda bila kutukana mtu, jambo ambalo lingetosha kumstua mwenye akili zake. Kisha akasema, "Mtani, kamchukue kwa Bhavik yule chura. Nifungie leo."

"Mzigo uko Itigi. Keshokutwa."

"Keshokutwa siioni."

"Usipoiona wewe wataiona wenzako. Kufa tule wali. Nami ndiye wa kwanza kwenye foleni, na sahani ya kombe nakuja nayo."

Fikiri alicheka, akakohoa, akashika ubavu. Alipopata pumzi akamshika Lugembe mkono, mkono wake mwenyewe ukiwa wa baridi na unyevu.

"Mtani. Leo nasema kweli. Hili si la utani."

Wallahi, kama maneno yale yangetamkwa na mtu mwingine yeyote mjini Tabora, Lugembe angeacha bisibisi akamsikiliza. Lakini alikuwa Fikiri. Mwaka uliopita Fikiri huyo huyo alimpigia simu analia, hili si la utani, amekamatwa Nzega na gari la watu. Lugembe akafunga karakana, akakodi pikipiki mpaka Nzega akila vumbi, akamkuta kakaa mbele ya sinia la nyama choma, anamwonyesha kiti: njoo ule, mpagazi, nilikosa wa kula naye. Mji mzima ulicheka mwezi mzima. Hata mara moja tangu siku ile Lugembe hakuacha kutafuta namna ya kulipiza.

Akauvuta mkono wake.

"Mzaramo na kweli, wapi na wapi! Siendi Nzega tena mimi."

Fikiri alimtazama. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la kushindwa bao, akasema, "Haya, umenipata." Akaomba aitiwe bodaboda.

Kadi ilifika keshokutwa yake kama ilivyosemwa, ahadi ya kwanza kutimia. Bhavik mwenyewe aliileta karakanani kwa mkono, imefungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha. Lugembe aliichomeka, akafunga kasha, akawasha. Hakutaka kusifu kazi yake kabla ya kuijaribu, akatoa lori Tabora kwa vitufe vya kibodi akashika njia ya Nzega. Barabara ilikuja nzima. Haikukatika wala kuruka. Minara ilionekana tangu mbali na ikakua taratibu kama inavyostahili, na alipofika Sekenke akapunguza mwendo bila kujijua, kwa woga wa kweli, na jua la humo ndani likampiga usoni kwenye kioo. Lugembe alipiga makofi peke yake. Alikuwa na furaha ya namna ambayo mtu huipata mara chache, ya kumpa mwenzake kitu kisicho na kasoro.

Akapiga simu ya Fikiri. Ikapokewa na Kuluthumu.

"Dada, nipe huyo goigoi, gari limewaka."

"Kaka, mtani wako ametutoka."

Lugembe akacheka. Alicheka kweli, kwa sauti, kichwa nyuma, maana sasa alikuwa ameuona mtego tangu mbali. "Ametutoka! Safari hii amekutuma wewe? Mwambie afufuke upesi, Chalinze inamngoja."

Simu ilikuwa wazi bado. Nyuma yake akasikia mlango, kisha sauti za wanawake zinaanza, moja, halafu nyingine juu yake, na hakuna mtu duniani anayeweza kuwakusanya wanawake wengi kiasi kile walie hivyo kwa ajili ya mzaha. Lugembe alibaki ameshika simu. Kwenye kioo lori lilikuwa limesimama katikati ya mteremko, taa zinawaka, linasubiri kukanyagwa.

Walimzika kesho yake baada ya adhuhuri, kaka yake alipokwisha kufika na basi kutoka Kisarawe. Uani kwa akina Kuluthumu, Kanyenye, lilifungwa turubai, wanaume wakakaa mabenchini nje, wanawake ndani kwenye mikeka. Na watani wakaja, kama inavyopasa. Marcelina, mama mdogo wake Lugembe, alikuja amevaa sufuria kichwani, anadai pilau lake kabla maiti hajatoka, anawaambia wafiwa kwamba Wazaramo hata kufa hawajui, wanakufa mchana watu wana kazi. Alimnyang'anya kaka wa marehemu kofia yake akaivalisha jiwe. Kaka wa watu alikuwa amesafiri usiku kucha analia, akajikuta anatabasamu. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Wenyewe wamefungwa na uchungu, mtani anakuja kuufungua kidogo upite hewa.

Lakini macho ya watu yalikuwa yanamtafuta Lugembe. Yeye alikuwa amekaa pembeni, nyuma ya pipa la maji, hajala tangu jana.

Marcelina akamfuata, sufuria mkononi sasa. Akanong'ona, "Unafanya nini huku? Wanakungoja wewe."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kuluthumu hajatoa chozi tangu jana. Amekaa pale kama gogo, wanawake wanamwogopa. Ametoa hili, amesema mpeni Lugembe." Alikuwa ameshika shati la Fikiri, lile la drafti nyekundu la kuendea safari. Mtani hulivaa vazi la marehemu, akamwigiza, akamrudisha kwa watu wake kwa dakika chache. "Ukilia wewe, nani atamchekesha yule?"

"Mama, mimi ndiye..." akaanza. Marcelina alikwisha kumvika shati begani.

Akalivaa. Lilikuwa linanuka jasho na mafuta ya gari na karafuu. Akasimama mlangoni, mahali ambapo jeneza lazima lipite, na wachukuzi walipoliinua akanyoosha mikono miwili akaziba njia. Shehe akakohoa kukumbusha wakati. Watu wakasogea, vicheko vikiwa tayari mdomoni, wanangoja. Kupitia mlango ulio wazi aliweza kumwona Kuluthumu ukutani, macho makavu yamemkazia.

Alikuwa ameshaamua usiku. Hangeigiza. Angesema alichokifanya mbele ya yule mwanamke, na yeye amhukumu anavyotaka.

"Haondoki huyu," akasema, "mpaka mjue aliyemchelewesha. Ni mimi."

Mtu mmoja akacheka puani.

"Aliniomba kitu kimoja. Nimfungie kadi iliyokuwepo dukani, mbovu mbovu hivyo hivyo, aende kwao. Nikakataa. Nikamwambia gari litarukaruka kama chura, watu watanicheka mimi."

"Kama chura!" mwanamke mmoja akapiga kofi, na kicheko kikapita uani.

"Aliniambia anakufa. Kwa mdomo wake, kanishika mkono huu. Mimi nikamwambia kufa tule wali."

Hapo ua mzima ulilipuka. Kaka wa marehemu alijipiga paja. Hata wachukuzi walitikisika na jeneza begani, shehe akageuka pembeni akijishika ndevu. Lugembe aliwatazama mmoja mmoja, hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa.

"Nisikilizeni," akasema. "Leo nasema kweli. Hili si la utani."

Wakaangua kicheko hata ndege wakaruka kutoka kwenye bati. "Kamwigiza!" wakasema. "Fikiri mwenyewe huyo! Sauti ile ile!" Na machozi yalipoanza kumtoka, yakamiminika asiweze kuyazuia, wakaonyeshana vidole: mtazame huyo, analia kweli kweli, mtani fundi huyu. Marcelina alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanacheza. Kila alilolisema lilikuwa kweli tupu, na hapakuwa na mtu hata mmoja pale wa kumsikia, kama vile yeye hakumsikia yule aliyelala ndani ya jeneza.

Ndipo akaisikia sauti ya Kuluthumu. Ilianza kama kikohozi, ikapasuka, ikawa kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyezamishwa akatoa kichwa juu ya maji, na katikati yake kikageuka kilio, mwishowe, kilio cha kawaida cha mjane. Wanawake wakamshika, wakamwambia lia, mama, lia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni.

"Ongeza, kaka Lugembe," akasema. "Ongeza. Tuambie tena alivyokuomba."

Lugembe akajifuta uso kwa mkono wa shati la marehemu. Akamtazama yule mwanamke, akawatazama watu wanaongoja, akaongeza.